Ujauzito na kunyonyesha baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kliniki kila mara, mengine yakiulizwa kwa sauti ya chini mtu akiwa ameshafika mlangoni. Kila jibu linajitosheleza. Panapogusana na jibu jingine, namba yake imetajwa ili tusirudie. Kipimo cha dawa kinachokufaa wewe ataamua daktari mwenye faili lako.

## Kabla ya kushika mimba

1. Je, ninaweza kupata mtoto baada ya upasuaji huu?

Ndiyo, na wengi hushika mimba kwa urahisi kuliko zamani. Upasuaji haugusi mfuko wa uzazi wala mayai. Unagusa mfuko wa chakula, na kwa aina nyingine utumbo mwembamba pia. Yanayobadilika ni mawili: kiasi unachoweza kula, na kiasi cha vitamini na madini ambacho mwili unafyonza kutoka kwenye kile ulichokula. Karibu kila tahadhari utakayoisoma hapa chini chanzo chake ni hayo mawili.

Kwa hiyo hata kama ulifanyiwa miaka kumi iliyopita na umeshasahau kovu liko wapi, mwambie mkunga siku ya kwanza kabisa. Wako wanaoficha kwa aibu, kwa sababu hata nyumbani hawakusema. Mkunga asiyejua atakuandalia kliniki ya mtu ambaye si wewe.

2. Aina ya upasuaji ina umuhimu gani?

Mkubwa. Kwenye slivu, madaktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba, lakini utumbo unabaki kama ulivyokuwa. Kwenye baipasi, mfuko mdogo huunganishwa na utumbo mahali pa chini zaidi, hivyo chakula kinaruka sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ambako madini ya chuma na kalisiamu hufyonzwa kwa wingi. Kuna aina nzito zaidi zinazoruka sehemu kubwa ya utumbo. Hizo huongeza hatari ya kukosa protini pamoja na vitamini A, D, E na K. Mkanda wa tumboni hauondoi kitu, unabana tu.

Wengi husema “nilikatwa tumbo” na kuishia hapo. Tafuta barua uliyopewa ulipotoka hospitalini, ipige picha, iweke kwenye simu. Itakufaa saa nane za usiku kuliko maelezo yoyote.

3. Nisubiri muda gani?

Ushauri wa kawaida ni miezi 12 hadi 18, na zaidi kidogo kama uzito bado unashuka kwa kasi. Katika kipindi hicho mwili unaishi kwa kula akiba yake, na mimba nayo inataka akiba hiyohiyo. Uzito ukishatulia na vipimo vya damu vikawa sawa, mlango umefunguka.

Kama umri umesogea, usikae kimya ukihesabu miezi. Zungumza na daktari. Binafsi naona damu iliyo sawa mwezi wa 11 ni bora kuliko damu mbovu mwezi wa 20.

4. Miaka yote sikushika mimba. Uzazi wa mpango wa nini?

Hapa ndipo wengi wanaposhtukizwa. Uzito unaposhuka, homoni hujipanga na yai linaweza kuanza kupevuka ndani ya miezi michache tu, hasa kwa wanawake ambao hedhi ilikuwa ikipotea kwa sababu ya matatizo ya ovari. Mwili ambao haukushika mimba kwa miaka saba unaweza kushika kabla hujamaliza kununua nguo za saizi mpya.

Baada ya baipasi, vidonge vya kumeza havitegemewi sana kwa sababu huenda visifyonzwe vya kutosha, na ukitapika au kuharisha mambo ni mabaya zaidi. Kitanzi na kipandikizi havipiti tumboni, kwa hiyo vinafaa baada ya aina yoyote ya upasuaji. Sindano ya miezi mitatu inazuia mimba vizuri, ila hupunguza uimara wa mifupa, na mifupa ya aliyefanyiwa upasuaji huu tayari ina kazi. Njia ya uzazi wa mpango ipangwe kabla ya upasuaji, si baada ya kuchelewa siku zako.

5. Nimeshika mimba miezi minne tu baada ya upasuaji. Niitoe?

Kushika mapema peke yake si sababu ya kutoa mimba. Wako waliopata watoto wenye afya katika hali hiyohiyo. Ila ufuatiliaji wako lazima uwe wa karibu zaidi: mjulishe daktari wa upasuaji wiki hiyohiyo, pima damu (swali la 9), anza vitamini zinazofaa (swali la 7), na acha mara moja mpango wowote wa kuendelea kupunguza uzito kwa makusudi. Kazi ya mwili imebadilika.

6. Ninatumia sindano za kupunguza uzito. Je?

Semaglutidi inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, kwa sababu hukaa mwilini muda mrefu. Tirzepatidi, angalau mwezi mmoja. Nayo inaweza pia kudhoofisha nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Dawa hizi hazitumiki wakati wa ujauzito, na wakati wa kunyonyesha hazishauriwi. Kama unazitumia kwa ajili ya kisukari, usiache kimyakimya. Daktari akubadilishie dawa kwanza.

## Vidonge, vipimo na sahani

7. Ninywe vitamini zipi, na kwa kiasi gani?

Foliki asidi: miligramu 0.4 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kama BMI yako (uzito ukilinganishwa na urefu) ni 30 au zaidi, au una kisukari, kiasi hupanda hadi miligramu 4 au 5. Kabla ya kupanda huko, hakikisha B12 imepimwa, kwa kuwa foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

B12 yenyewe huhitajika miligramu 1 kwa siku kwa mdomo, au sindano kila miezi mitatu. Chuma halisi (chuma chenyewe, si uzito wa kidonge kizima), miligramu 45 hadi 60 kwa siku. Kalisiamu, miligramu 1,200 hadi 1,500 ukijumlisha na ile ya kwenye chakula. Baada ya baipasi kalisiamu sitreti inafaa zaidi kwa sababu haihitaji asidi nyingi ya tumbo. Vitamini D, angalau uniti 1,000. Vitamini A iwe ya beta-karotini, si retinoli, kwa sababu retinoli nyingi inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile. Mafuta ya ini la samaki yana retinoli pia, yaache.

Sasa ratiba, maana hapa ndipo pesa hupotea. Chuma na kalisiamu hugombana, kwa hiyo vitenganishe kwa saa mbili au zaidi. Chai na kahawa pia hukizuia chuma. Kalisiamu haifyonzwi vizuri ikimezwa yote kwa pamoja, igawe mara mbili au tatu. Mama mmoja alibandika mlangoni pa friji karatasi yenye safu mbili: chuma usiku kabla ya kulala, kalisiamu pamoja na kila mlo. Haikuhitaji programu ya simu.

8. Kidonge cha kawaida cha wajawazito hakitoshi?

Mara nyingi hakitoshi kikiwa peke yake, hasa kwa B12, chuma na kalisiamu. Na vile vitamini vya kutafuna kama peremende? Vingi havina chuma kabisa. Soma nyuma ya chupa. Upande wa pili, ukichanganya vitamini ulizopewa baada ya upasuaji na za wajawazito, unaweza kujikuta umezidisha retinoli. Beba chupa zote kliniki, pamoja na zile ulizopewa na shangazi.

9. Damu ipimwe nini, na mara ngapi?

Kabla ya mimba, halafu angalau mara moja katika kila miezi mitatu ya ujauzito: wingi wa damu, feritini, B12, foliki, vitamini D, kalisiamu na vitamini A. Waliofanyiwa aina nzito huongezewa vitamini E na K, zinki na shaba.

Usitulizwe na wingi wa damu peke yake. Hemoglobini inaweza kuonekana nzuri wakati akiba ya chuma, ambayo ndiyo feritini, imebaki chini kabisa. Ukijikuta unatamani udongo, barafu au wanga mbichi, sema bila aibu. Mara nyingi ni mwili unaolia chuma. Vidonge vikishindwa, chuma hupatikana kwa dripu, kwa kawaida baada ya miezi mitatu ya kwanza.

10. Ninashiba kwa vijiko vitano. Mtoto atakula nini?

Huhitaji kula kwa ajili ya watu wawili, unahitaji kupanga. Lengo la chini ni gramu 60 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 karibu 20 au zaidi. Mayai mawili, glasi mbili za maziwa na kipande hicho kimoja vinakufikisha karibu 50. Kikombe cha maharage kinamalizia.

Anza na protini, wanga baadaye. Kula mara tano au sita. Maji yapishane na mlo kwa nusu saa, na yanywe kidogokidogo kutwa nzima, maana hutaweza kufidia jioni.

11. Niongeze uzito kiasi gani?

Hutumika viwango vilevile vya wajawazito wengine, kwa kufuata BMI uliyoshika nayo mimba, si ile ya kabla ya upasuaji. BMI chini ya 18.5: kilo 12.5 hadi 18. Ya kawaida: kilo 11.5 hadi 16. Kati ya 25 na 29.9: kilo 7 hadi 11.5. Kuanzia 30: kilo 5 hadi 9.

Namba ni rahisi, mzani ndio mgumu. Mtu aliyepigana miaka mingi ili mshale ushuke, leo anaambiwa ashangilie ukipanda. Wengine huanza kuruka milo bila kukiri. Ukiona unaogopa siku ya kupimwa, mwombe mkunga asikusomee namba, akuambie tu kama uko kwenye mstari. Ni ombi halali.

12. Ninatapika. Ni mimba au ni upasuaji?

Inaweza kuwa yoyote kati ya hivyo. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo ni cha kawaida. Kutapika kunakoanza ghafla baada ya miezi hiyo, au kunakokuja na maumivu, si cha kusingizia mimba. Soma swali la 14. Mwenye mkanda huenda anahitaji ulegezwe.

Hatari ambayo wengi hawaijui ni kuisha kwa thiamini, yaani vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Ikiisha, ubongo huathirika: kuchanganyikiwa, kuyumba unapotembea, macho kuona mbilimbili au kuchezacheza. Ukitapika siku mbili tatu mfululizo usisubiri dalili hizo. Na kama utawekewa dripu ya glukosi, uliza kama thiamini imetangulia, kwa sababu glukosi ikitangulia inaweza kuimaliza ile kidogo iliyobaki.

## Kliniki na hatari zake

13. Nimeambiwa ninywe maji ya sukari kupima kisukari cha mimba. Ninywe?

Kama ulifanyiwa baipasi, omba njia nyingine. Sukari nyingi kwa mkupuo huteremka utumboni kwa kasi: moyo unadunda, jasho, kizunguzungu, kuharisha, kisha saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaanguka. Mbali na mateso, majibu yenyewe hayaaminiki. Baada ya slivu pia wengi huumia, kwa hiyo zungumza kabla ya siku ya kipimo.

Mbadala ni kujipima kwa kidole, kabla ya kula na baada ya kula, kwa muda wa wiki moja kati ya wiki ya 24 na 28. Kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu hakitoshi kuchukua nafasi yake, hasa kwa mwenye upungufu wa damu.

14. Maumivu gani ya tumbo ni ya kukimbilia hospitali?

Baada ya baipasi, maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo yasiyoisha, au yanayokuja na kuondoka yakizidi kila mara, hasa yanayopenya hadi mgongoni au kuanza baada ya kula. Yachukuliwe kuwa ngiri ya ndani mpaka ithibitike vinginevyo.

Sababu yake ni hii. Utumbo ulipounganishwa upya, zilibaki nafasi katika utando unaoushikilia. Uzito ulipopungua, mafuta yaliyokuwa yakijaza utando nayo yalipungua, nafasi zikapanuka. Mfuko wa uzazi unapopanda, unausukuma utumbo juu, na kipande chake kinaweza kupenya na kujisokota. Hutokea zaidi katika miezi mitatu ya mwisho. Utumbo uliokosa damu unaweza kufa ndani ya saa chache.

Ugumu wake ni kwamba inajificha. Huenda usitapike, kwa sababu mfuko wako ni mdogo. Damu inaweza kusoma vizuri. Ultrasaundi inaweza kuonyesha mtoto anacheza salama, nawe ukaambiwa ni kiungulia. Usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya asidi. Sema hivi: “Nilifanyiwa baipasi ya tumbo, naomba daktari wa upasuaji anione sasa.” Kipimo cha CT kikihitajika, mionzi yake isiwe sababu ya kuchelewa, kuchelewa ndiko kunakoua. Mara nyingine huhitajika upasuaji wa kuingiza kamera tumboni hata kama picha ni safi.

15. Ni kweli mtoto atazaliwa mdogo?

Uwezekano unaongezeka, lakini faida nazo zipo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2015 uliwalinganisha wajawazito waliofanyiwa upasuaji, karibu wote baipasi, na wengine waliokuwa na uzito kama wao wa kabla ya upasuaji. Kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 1.9 dhidi ya 6.8. Watoto wakubwa kupita kiasi, asilimia 8.6 dhidi ya 22.4. Lakini watoto wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa asilimia 15.6 dhidi ya 7.6.

Ndiyo maana unaongezewa ultrasaundi za kupima ukuaji, kwa kawaida kila wiki nne hadi sita kuelekea mwisho. Usizione kama dalili ya tatizo.

16. Nina puto tumboni. Je, kuhusu mkanda?

Puto, lile linalowekwa ndani ya mfuko wa chakula ili ushibe haraka, halitakiwi kuwepo wakati wa ujauzito. Mwone aliyeliweka mara moja. Mkanda unaweza kubaki, na kulegezwa kama unatapika au huongezeki uzito.

## Kujifungua

17. Lazima nizae kwa kisu?

Hapana. Upasuaji wa kupunguza uzito si sababu ya kufanyiwa upasuaji wa uzazi. Njia huamuliwa kwa sababu zilezile za mwanamke mwingine yeyote.

18. Dawa gani za maumivu niepuke baada ya kujifungua?

Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake, hasa kama una baipasi, kwa sababu huchimba vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Wodini hutolewa kwa mazoea, wakati mwingine kama kidonge cha kuingiza nyuma, na njia hiyo haiondoi hatari. Liandikwe juu ya faili kabla uchungu haujaanza. Parasetamoli inatumika. Aspirini ya kipimo kidogo unayopewa kuzuia presha ya mimba ni jambo jingine: usiikatae wala kuiacha mwenyewe, daktari apime faida na hatari.

## Kunyonyesha

19. Maziwa yangu yatatosha? Yana lishe kweli?

Vipimo vya maziwa ya wanawake waliofanyiwa upasuaji vimeonyesha mafuta, protini na nguvu zinazokaribiana na za wanawake wengine. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni uleule: maziwa ya mama pekee miezi sita, kisha pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi.

Kinachowaangusha wengi ni maji. Huwezi kunywa nusu lita kwa mkupuo, kwa hiyo chupa ikae karibu na kila mahali unaponyonyeshea. Vitamini zinaendelea vilevile, na damu hupimwa kila miezi mitatu.

20. Nimesikia mtoto anaweza kuathirika kwa B12. Kivipi?

Ikiwa yako imeisha, maziwa nayo hayana, na mtoto hana chanzo kingine. Dalili huja taratibu, mara nyingi kati ya mwezi wa pili na wa kumi na mbili: mtoto analegea, hachangamki, haongezeki uzito, anapauka. Iliyo ya hatari zaidi ni kurudi nyuma. Alikuwa anatabasamu, ameacha. Alikuwa ameshika shingo, sasa inalala. Mpeleke, na ulitaje neno “upasuaji” kabla ya yote, kwa sababu daktari wa watoto hana faili lako. Hali hii hutibika, lakini ikichelewa inaweza kuacha madhara kwenye ubongo. Na tiba ya kwanza ni kumwongezea mtoto na mama B12, wala si kumwachisha ziwa.

21. Matiti yamelegea sana. Yatanyonyesha?

Ngozi iliyolegea haizuii maziwa. Kitambaa kilichokunjwa chini ya titi, au kumlaza mtoto ubavuni mwako, husaidia akamate vizuri. Kama ulipunguzwa matiti, mirija au mishipa ya fahamu inaweza kuwa iliguswa. Mtoto apimwe uzito mapema na mara kwa mara katika wiki za kwanza.

22. Naweza kuanza tena kupunguza uzito nikinyonyesha?

Taratibu, baada ya maziwa kukaa sawa. Kunyonyesha kunahitaji nguvu za ziada, takriban kilokalori 500 kwa siku. Funga kali na sindano (swali la 6) zisubiri.

23. Kunyonyesha kunazuia mimba?

Kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, rudi swali la 4.

## Mengineyo

24. Nataka mtoto wa pili haraka.

Mimba ya kwanza imekula akiba, na kunyonyesha kumeendelea kula. Pima damu upya kabla ya kuanza, hasa feritini na B12, hata kama mara ya kwanza vipimo vyote vilikuwa safi.

25. Nifanye upasuaji wa kuondoa ngozi ya tumbo kabla au baada ya kuzaa?

Kama bado unataka watoto, baada. Mimba baada ya upasuaji huo inawezekana, lakini ngozi itavutika tena na huenda ukalipa mara mbili.